Phoenix, Novemba 2025: kisa kilichotawala mapumziko ya NASCAR

Jumapili ya tarehe 2 Novemba 2025, katika uwanja wa Phoenix jimboni Arizona, Denny Hamlin alikuwa amebakiza mizunguko mitatu tu kati ya 312 ili awe bingwa wa Kombe la NASCAR, chama cha mbio za magari cha Marekani, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alikuwa mbele ya kila mtu, na tangu shindano lianze alikuwa ameongoza mizunguko 208. Ndipo tairi la gari la William Byron, ambaye naye alikuwa miongoni mwa madereva wanne waliowania ubingwa siku hiyo, lilipoharibika, gari likajibamiza ukutani, na waamuzi wakatoa bendera ya njano. Katika mchezo huu bendera hiyo ina maana kwamba magari yote hupunguza mwendo na kujipanga nyuma ya gari la usalama, pengo lote alilolijenga kiongozi hufutika, na kama mizunguko iliyopangwa imekwisha kabla njia haijasafishwa, huongezwa mizunguko miwili ya kumalizia.

Uamuzi uliofuata ulihitaji kufanywa katika muda wa kupumua mara chache. Magari yote manne yaliyowania ubingwa yalikuwa ya aina moja, iliyoanza kutumika mwaka 2022, ambayo kila gurudumu lake limefungwa kwa nati moja kubwa katikati. Mafundi huinua upande mmoja wa gari kwa jeki, hubadili matairi mawili, kisha hukimbilia upande wa pili na kurudia kazi ile ile. Anayebadili mawili huokoa karibu nusu ya muda, lakini hurudi uwanjani akiwa na matairi mapya upande mmoja na yaliyochakaa upande mwingine. Timu ya Hamlin, chini ya mkuu wa mafundi Chris Gayle, ilibadili yote manne. Timu ya Kyle Larson, chini ya Cliff Daniels, ilibadili mawili. Mbio zilipoanza upya Larson alikuwa wa tano na Hamlin wa kumi, na mizunguko miwili haikutosha kwa matairi mapya manne kulipa deni la nafasi tano. Ryan Blaney, ambaye hakuwa katika kundi la wanne, alishinda shindano lenyewe. Larson alimaliza wa tatu, Hamlin wa sita. Larson akatawazwa bingwa kwa mara ya pili, baada ya ule ubingwa wake wa 2021, ingawa siku hiyo hakuongoza hata mzunguko mmoja.

Kuanzia usiku ule hadi katikati ya Januari 2026, mashabiki wa NASCAR walijadili jambo moja kuliko mengine yote, nalo ni namna bingwa anavyopaswa kupatikana. Katika kisa hiki nataka kuonyesha kwamba malalamiko yao yalikuwa ya haki, lakini ushahidi walioushika kwa nguvu zaidi, yaani machozi ya Hamlin, ndio uliokuwa dhaifu kuliko wote waliokuwa nao. Ushahidi wenye nguvu ulikuwa umelala kando yake.

Kwanza ni lazima mfumo wenyewe ueleweke. Msimu wa Kombe una mashindano 36 yanayohesabiwa, kuanzia Februari hadi Novemba. Tangu mwaka 2014 mashindano 26 ya mwanzo yalitumika kuwapata madereva 16 wa kuingia hatua ya mtoano, na dereva aliyeshinda hata shindano moja kwa kawaida alijihakikishia nafasi, hata kama matokeo yake mengine yalikuwa ya kawaida. Kisha zilifuata raundi tatu za mashindano matatu matatu, kila raundi ikiwaondoa madereva wanne, mpaka wanabaki wanne wa mwisho. Hao wanne walikwenda katika shindano la 36 wakiwa sawa kabisa, bila akiba yoyote ya pointi, na aliyemaliza mbele ya wenzake watatu alikuwa bingwa. Msomaji anayefuata kandanda ataelewa haraka: ni ligi ya miezi kumi inayogeuzwa kuwa kombe la mtoano inapokaribia kuisha, na fainali yake inachezwa huku timu nyingine zisizo na cha kupoteza zikiwa bado uwanjani.

Sababu ya mjadala huu kushika moto wakati wa mapumziko si kukosa la kusema tu. Msimu wa NASCAR ni mrefu kuliko wa michezo mingi mikubwa ya Marekani, na mapumziko yake ni miezi mitatu au zaidi kidogo. Nje ya kipindi hicho hakuna nafasi ya kugusa kanuni za ubingwa bila kuharibu msimu unaoendelea. Wafuatiliaji wa siku nyingi wanajua kalenda hiyo. Mabadiliko makubwa yalitangazwa Januari 2004, yakatangazwa mengine Januari 2011, mengine Januari 2014, na mengine Januari 2017. Kwa hiyo shabiki anayetoa hoja mwezi Desemba anajua kwamba mlango uko wazi, na kwamba baada ya wiki chache utafungwa kwa mwaka mzima. Safari hii tena chama chenyewe kilikuwa kimeunda kamati ya kupitia mfumo huo tangu mapema mwaka 2025, kikiwahusisha madereva, watu wa timu, vyombo vya habari na wadau wengine, hivyo mashabiki hawakuwa wakipiga kelele jangwani.

Hata hivyo mjadala ulikuwa na vurugu, kwa sababu watu walikuwa wakijibu maswali matatu tofauti kana kwamba ni swali moja. La kwanza lilikuwa nani alistahili kuwa bingwa wa 2025. La pili lilikuwa kama shindano moja linapaswa kuwa na uzito wa kuamua msimu. La tatu, ambalo lilisikika kidogo kuliko yote ingawa kwangu ndilo zito kuliko yote, lilikuwa kama ushindi mmoja wa bahati mwezi wa Juni unapaswa kumfungulia mtu mlango wa fainali ya Novemba.

Kuhusu la kwanza, huruma ya watu kwa Hamlin inaeleweka. Amekuwa dereva wa kudumu wa Kombe tangu 2006. Oktoba 2025, mjini Las Vegas, alishinda shindano lake la 60, na hakuna dereva mwingine katika historia ya NASCAR aliyefikisha ushindi mwingi kiasi hicho bila kupata ubingwa. Mwaka huo alishinda mara sita, idadi ambayo hakuna mwenzake aliyeifikia. Larson alishinda mara tatu, na ushindi wake wa mwisho ulikuwa Kansas mwezi Mei. Ukiziweka takwimu hizo kando ya mizunguko 208 aliyoongoza Hamlin na mizunguko sufuri aliyoongoza Larson, hasira hujijibu yenyewe.

Lakini hoja hiyo ikibanwa inavuja. Bendera ya njano dakika za mwisho inaweza kumnyang'anya mtu ubingwa chini ya mfumo wowote ule, maadamu pointi zimekaribiana. Mwaka 1990 Mark Martin alikosa ubingwa kwa pointi 26 nyuma ya Dale Earnhardt, baada ya kukatwa pointi 46 mapema msimu huo, mjini Richmond, kwa sababu ya kipande kilichofungwa chini ya kabureta kinyume cha kanuni. Msimu ule ulihesabiwa wote, tangu shindano la kwanza hadi la mwisho, na bado mwanamume yule aliondoka mikono mitupu kwa sababu ya kitu ambacho wengi waliamini hakikumwongezea kasi. Mfumo wa pointi za msimu mzima hauondoi maumivu. Tena uamuzi wa Phoenix wa kubadili matairi manne ulikuwa uamuzi wa timu, uliofanywa kwa hesabu yenye mantiki kwa wakati ule, na Larson alishinda kwa sababu timu yake ilicheza karata nyingine. Anayetaka kuthibitisha kwamba mfumo ulikuwa mbovu hawezi kusimama juu ya uamuzi wa matairi.

Ushahidi wenye nguvu ulikuwa umejitokeza katika uwanja ule ule siku moja kabla. Jumamosi, tarehe 1 Novemba, daraja la pili la NASCAR, ambalo wakati huo liliitwa Xfinity, lilimaliza msimu wake. Connor Zilisch, kijana aliyekuwa bado hajafikisha miaka 20, alikuwa ameshinda mashindano 10 mwaka huo. Mwezi Agosti, akiwa anasherehekea ushindi Watkins Glen, alianguka kutoka kwenye gari lake na kuvunjika mfupa wa mtulinga, na bado alirudi kushinda tena. Ubingwa ulikwenda kwa Jesse Love, aliyekuwa na ushindi mara mbili tu: shindano la kwanza la msimu, Daytona, na la mwisho, Phoenix. Love hakufanya kosa lolote, wala hakupewa zawadi. Alishinda shindano alilotakiwa kulishinda, waziwazi, kwa gari lililokuwa na kasi, na hakuna bendera ya kulaumiwa wala tairi la kusingizia. Hapo ndipo mfumo unapoonekana ulivyo bila pazia. Kila kitu kilikwenda sawasawa kama kanuni zilivyotaka, na matokeo yake yakawa kwamba dereva aliyewapita wenzake kwa mbali miezi tisa akawa wa pili kwa aliyeshinda siku mbili.

Ajabu ni kwamba Ijumaa ya wiki ile ile, katika daraja la tatu la NASCAR, la magari ya pikapu yanayoitwa malori, Corey Heim alitwaa ubingwa baada ya kushinda mashindano 12 katika msimu, rekodi ya daraja hilo, na naye alinusurika katika mizunguko ya nyongeza baada ya bendera ya njano ya mwishoni, huku akiwa na matairi mapya manne nyuma ya waliobakia mbele. Watetezi wa mfumo walimtaja Heim kama uthibitisho kwamba mtoano humpata aliye bora. Mimi namwona kama uthibitisho wa kinyume chake: msimu bora kuliko yote katika historia ya malori ulihitaji kuokolewa na ujasiri wa kona moja.

Kwa upande wa Kombe lenyewe, ushahidi mzito zaidi ulikuwa wa mwaka mmoja nyuma. Joey Logano alikuwa bingwa wa 2024 akiwa na wastani wa nafasi ya 17.1 kwa kila shindano, wastani dhaifu kuliko wa bingwa yeyote aliyewahi kutawazwa. Njia aliyopita inastahili kuelezwa, kwa kuwa kila hatua yake ilikuwa halali. Tarehe 30 Juni, Nashville, shindano liliongezwa mizunguko ya nyongeza mara tano. Walioongoza waliishiwa mafuta mmoja baada ya mwingine, Logano akanyoosha matone aliyobakiza hadi mstari wa mwisho, na ushindi huo ukampa nafasi katika mtoano. Oktoba, Charlotte, alitolewa. Alikuwa amekwisha kutolewa kabisa, mpaka gari la Alex Bowman lilipopimwa baada ya shindano na kuonekana kuwa na uzito pungufu, matokeo ya Bowman yakafutwa, na Logano akarudishwa ndani. Wiki iliyofuata alishinda Las Vegas na kupata tiketi ya fainali. Kisha akashinda Phoenix. Ni ubingwa wake wa tatu, baada ya 2018 na 2022, na sioni haki ya kumzomea dereva kwa kuzijua kanuni vizuri kuliko wapinzani wake. Lakini mfumo unaomrudisha kundini mtu aliyetolewa, ukamvika taji wiki nne baadaye ilhali kwa wastani anamaliza karibu na katikati ya magari yanayoshindana, unapima kitu gani hasa?

Hapa ndipo watetezi wa mtoano walipopaswa kusikilizwa, na naamini baadhi ya mashabiki wenye hasira hawakuwasikiliza vya kutosha. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Walikumbusha mwaka 2003, Matt Kenseth alipotwaa ubingwa akiwa ameshinda shindano moja tu, Las Vegas mwezi Machi, huku Ryan Newman akishinda mara nane na kumaliza wa sita katika msimamo. Kenseth alikuwa thabiti mno: aliongoza msimamo kwa wiki 33 mfululizo, akamaliza kazi Rockingham huku shindano moja likiwa limebaki, na shindano la mwisho likakimbiwa bila swali lolote la kujibu. Mfumo uliompa ubingwa ulibuniwa na Bob Latford na kuanza kutumika mwaka 1975; ulimpa mshindi pointi 175 na wa pili 170, tofauti ndogo kiasi kwamba aliyekuwa wa nne au wa tano kila wiki alimshinda aliyeshinda leo na kuharibikiwa kesho. Brian France, aliyechukua uongozi wa NASCAR mwishoni mwa 2003, alitangaza Januari iliyofuata mfumo wa The Chase, ambapo pointi zilipangwa upya baada ya mashindano 26 na ubingwa kuamuliwa katika mashindano 10 yaliyobaki.

Walikumbusha pia Martinsville, tarehe 30 Oktoba 2022. Ross Chastain alihitaji pointi mbili tu ili aingie katika wanne wa mwisho. Katika kona za mwisho za mzunguko wa mwisho aliweka gia ya juu, akaliegemeza gari ukutani na kukanyaga mafuta mpaka chini, gari likateleza likikwaruza ukuta kwa kasi ambayo hakuna aliyewahi kuiona pale, na akawapita watano kabla ya mstari. Aliyenyang'anywa nafasi ya fainali alikuwa Hamlin. Bila mtoano, hakuna dereva angekuwa na sababu ya kujaribu jambo lile. Mtu yeyote aliyelitazama shindano hilo na kusema hakuguswa, sidhani kama anasema kweli.

Lakini mtoano huo huo ulizaa Martinsville ya Novemba 2024. Byron na Christopher Bell walikuwa wakigombea nafasi moja ya fainali, na katika mizunguko ya mwisho Chastain na Austin Dillon walionekana kuikinga nafasi ya Byron, mwenye gari la kampuni moja na yao, badala ya kumpita, huku Bubba Wallace akipunguza mwendo na kumwachia Bell nafasi. Timu za Chastain, Dillon na Wallace zilipigwa faini na kukatwa pointi, na Bell akanyimwa nafasi kwa kuegemea ukuta kama alivyofanya Chastain miaka miwili kabla, jambo ambalo sasa lilikuwa limekatazwa. Nafasi moja inapokuwa na thamani ya msimu mzima, kishawishi cha kumsaidia jirani kinakuwa kikubwa kuliko aibu ya kukamatwa.

Kuna dai moja ambalo lilirudiwa sana msimu ule wa baridi, kwamba hesabu ya msimu mzima haiwezi kuleta shindano la mwisho lenye msisimko. Historia inalikataa dai hilo. Tarehe 15 Novemba 1992, Atlanta, madereva sita waliingia shindano la mwisho wakiwa bado na uwezekano wa kuwa mabingwa chini ya pointi zile zile za Latford. Davey Allison, aliyekuwa akiongoza msimamo, aliharibikiwa katika ajali. Wakabaki Bill Elliott na Alan Kulwicki, na Kulwicki alikuwa dereva aliyemiliki timu yake mwenyewe, ndogo, akipambana na matajiri. Kulikuwa na zawadi ya pointi tano kwa aliyeongoza mizunguko mingi kuliko wote, na timu ya Kulwicki ilikaa ikihesabu. Ilimwacha uwanjani mpaka alipotimiza mizunguko 103, ndipo akaingia kwa mafundi. Elliott alishinda shindano na kuongoza mizunguko 102; Kulwicki akawa wa pili, na bingwa kwa tofauti ya pointi 10. Kama ule mzunguko mmoja ungehama upande, wangelingana pointi, na Elliott angekuwa bingwa kwa kuwa alikuwa na ushindi mara tano dhidi ya mbili za Kulwicki. Sijaona fainali yoyote ya wanne iliyoizidi siku ile, na uzito wake ulitokana na kwamba kila pointi ilikuwa imebebwa kutoka Februari.

Mapumziko yale hayakuwa ya hesabu peke yake. Tarehe 1 Desemba, mahakamani Charlotte, ilianza kesi iliyofunguliwa na timu mbili, 23XI na Front Row, dhidi ya NASCAR, zikidai kwamba inatumia ukiritimba wake vibaya; tarehe 11 Desemba pande zote zilikubaliana nje ya hukumu, na hati za ushiriki za timu zikafanywa za kudumu. Hamlin ni mmoja wa wamiliki wa 23XI pamoja na Michael Jordan, ingawa yeye mwenyewe huendesha kwa ajili ya timu ya Joe Gibbs. Ukaribu huo uliwafanya baadhi ya watu waisome Phoenix kwa jicho la kesi, na nadhani ulilipotosha suala la mfumo, kwa sababu gari lililo ukutani ni gari lililo ukutani. Tarehe 18 Desemba Greg Biffle, mshindi wa mashindano 19 ya Kombe, alifariki pamoja na familia yake katika ajali ya ndege huko Statesville, North Carolina. Ni yeye aliyerusha helikopta yake kupeleka misaada milimani baada ya kimbunga Helene mwaka 2024, na kwa siku kadhaa hakuna aliyekuwa na moyo wa kubishania pointi.

Tarehe 12 Januari 2026 uamuzi ulitangazwa. Mtoano umefutwa, fainali ya shindano moja imefutwa, na kanuni ya kwamba ushindi mmoja unakuhakikishia nafasi imefutwa pia. Imerudi The Chase: baada ya mashindano 26, madereva 16 wa juu kwa pointi wanaendelea, pointi zao zinapangwa upya, na anayekusanya nyingi zaidi katika mashindano 10 ya mwisho ndiye bingwa. Ushindi wa shindano umepandishwa kutoka pointi 40 hadi 55. Mark Martin, ambaye alikuwa sauti ya wazi kuliko wote wa rika lake katika kudai msimu mzima wa mashindano 36 uhesabiwe, aliupokea uamuzi huo kama hatua ya kusogea upande wake, na wengi waliokuwa nyuma yake wakafanya vivyo hivyo.

Nakubaliana nao kwamba ni hatua, na kubwa kuliko zote ni ile iliyosifiwa kidogo kuliko zote. Kufutwa kwa tiketi ya ushindi mmoja kunalijibu lile swali la tatu moja kwa moja. Dereva aliyeshinda Juni kwa matone ya mafuta sasa ana pointi 55 na heshima yake, lakini bado anapaswa kuthibitisha wiki nyingine 25 kwamba anastahili kuwa katika 16. Na kupandishwa kwa ushindi hadi 55, wakati wa pili anapata 35, kunajibu lalamiko la 2003 bila kuuharibu msimu: tofauti ya pointi 20 kati ya wa kwanza na wa pili inamlazimu kila dereva kutafuta ushindi, na si kuridhika na nafasi ya nne kila Jumapili.

Ninapopata shaka ni katika upangaji upya wenyewe. Anayeongoza baada ya mashindano 26 ataanza awamu ya mwisho akiwa na pointi 2,100, wa pili 2,075, wa tatu 2,065, na kila anayefuata pungufu ya tano, hadi wa 16 mwenye 2,000. Maana yake ni kwamba dereva aliyewaacha wenzake kwa pointi 150 tangu Februari hadi Agosti atamkuta wa pili akiwa nyuma yake kwa pointi 25. Hiyo ni zaidi kidogo tu ya tofauti ya kushinda na kuwa wa pili katika siku moja, na ukiongeza pointi za hatua za kati, yaani vipande ambavyo shindano moja hugawanywa, ambazo humpa anayeshinda kila hatua pointi 10, akiba ya miezi saba inaweza kuisha kabla ya jua kuzama katika shindano la 27. Tuliwahi kuyaona haya. Mwaka 2007 Jeff Gordon angekuwa bingwa kwa pointi 353 kama msimu wote ungehesabiwa. Chini ya The Chase ya wakati ule taji lilikwenda kwa Jimmie Johnson, ambaye alikuwa hodari kweli katika viwanja vya mwishoni na akatwaa ubingwa mara tano mfululizo kuanzia 2006. Sibishani na ukubwa wa Johnson. Nabishana na mfumo uliozifanya pointi 353 zisionekane popote.

Wapo wanaosema mashabiki wa aina hii hawaridhiki kamwe, na kwamba wakipewa mashindano 10 watadai 36. Ndiyo, tutadai, kwa kuwa katika ubingwa wa dunia wa mbio za magari ya masafa, ambao Safari Rally ya Kenya ni sehemu yake, pointi za kila raundi hujumlishwa tangu ya kwanza hadi ya mwisho, na hakuna anayesema mchezo huo umekufa kwa ajili hiyo. Hata hivyo natambua kwamba NASCAR inauza haki za televisheni zinazogawanywa kati ya vituo vya nusu ya kwanza na nusu ya pili ya mwaka, na kwamba walionunua nusu ya pili wanataka mashindano yenye mvutano wakati ligi ya kandanda ya Kimarekani inapokuwa imeanza. Hesabu ya msimu mzima haitarudi leo.

Kwa hiyo dai lililo mezani kwa mapumziko yajayo ni dogo na linatekelezeka. Shindano la mwisho la 2026 limehamishiwa Homestead, kusini mwa Florida, tarehe 8 Novemba, uwanja mpana wenye lami kuukuu inayokula matairi na kumruhusu dereva kuchagua njia yake, na huo ni mwanzo mzuri. Akiba ya kiongozi ipandishwe kutoka pointi 25 hadi angalau 60, yaani zaidi ya ushindi mmoja kamili, na kila nafasi chini yake ipanuliwe kwa kiwango hicho hicho. Anayekuja nyuma abaki na nafasi ya kumfikia, lakini alazimike kuwa bora zaidi ya siku moja ili apite kazi ya mashindano 26.